Mwandiko wa Kinyozi

Mficha uchi hazai. Methali hii ikisomwa darasani, wanafunzi huinamisha vichwa wakaziba midomo kwa viganja, na mwalimu naye hukohoa akageukia ubao. Wanalicheka neno lake la pili. Lakini mtu aliyewahi kupatwa na shida akaikalia kimya, akaikumbatia gizani asije mtu akaiona, huwa hacheki. Yeye anajua maana yake: anayeona haya kuonyesha udhaifu wake hapati wa kumsaidia, na lile jambo jema alilolitamani halizaliwi. Bi Chapa alikuwa mtu wa namna hiyo, na haya ndiyo yaliyompata.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilipata kazini, ambako kwa miaka thelathini na mmoja alipiga chapa hukumu, hati za viwanja na barua za wakubwa. Vidole vyake vilikimbia juu ya mashine kama mvua juu ya bati, naye hakuvitazama hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Na wakubwa wale waliandika kama kuku aliyekanyaga wino! Hata hivyo, yeye alisoma kila kitu. Ofisi nzima ilikuwa na usemi kwamba mwandiko uliomshinda Bi Chapa, basi hata mwenyewe aliyeuandika hawezi kuusoma.

Alipostaafu alibaki peke yake katika vyumba vyake viwili, ghorofa ya kwanza. Mumewe alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka mingi nyuma. Binti yake wa pekee, mwoka mikate, aliishi na mume na watoto wake upande wa pili wa mji. Kila Jumapili alikuja kumjulia hali mama yake, na kila Jumapili aliimba wimbo uleule.

"Mama, hamia kwetu."

"Nihamie kwenu nikafanye nini? Nikalinde masufuria?"

"Mama jamani, umri unakwenda."

"Uache uende. Mimi nimekaa."

Siku iliyompa Bi Chapa uhai ilikuwa Jumatano. Saa tisa alasiri alishuka ngazi, akafuata ukuta wa barabara mpaka maktaba, akaingia chumba kidogo nyuma ya rafu za magazeti. Humo, mkutubi, dada mmoja mpole mwenye sauti ya kubembeleza hata alipokuwa akikukemea, alikuwa ameanzisha kundi la uandishi. Watu saba au wanane walizunguka meza ambayo mguu wake mmoja mfupi uliinuliwa kwa kamusi kuukuu iliyopoteza kurasa zake za mwanzo. Alikuwapo mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye mashairi yake yalikuwa na vina vilivyonyooka kama vimepigwa rula. Alikuwapo muuza maua, ambaye hakuna hadithi yake iliyomalizika bila mazishi. Na mwisho wa meza, karibu na mlango kana kwamba yuko tayari kukimbia, alikaa kinyozi.

Kinyozi alikuwa mtu wa miaka arobaini na ushei, mwenye duka la vioo viwili mtaa uleule wa maktaba. Shule aliiacha darasa la sita. Kwa miezi mitatu alikuja, akasikiliza, akapiga makofi mahali panapostahili, wala hakusoma chochote.

Bi Chapa alikuwa nyota ya kundi. Zamu yake ilipofika alifungua daftari lake, akarekebisha miwani, akasoma visa vya ofisini kwa sauti iliyopanda na kushuka mpaka watu wakashika mbavu. Alifunua kurasa kwa ncha ya kidole. Hakuna aliyejua kwamba kurasa zile zilikuwa tupu.

Ukungu ulikuwa umemwingia machoni mwaka mmoja na nusu nyuma. Ulianza kama mvuke wa sufuria, akafuta miwani, haukuondoka. Ukazidi. Nyuso zikayeyuka, maandishi yakawa vumbi. Bi Chapa alihesabu ngazi: nane, kituo, kisha tano. Alimimina chai huku kidole kikiwa ndani ya kikombe. Watu aliwajua kwa sauti na kwa harufu. Kinyozi alinukia poda. Hadithi zake alizitunga kichwani akiwa kitandani, akazikariri neno kwa neno kama mtoto anayejiandaa kwa mtihani. Siku moja binti yake alionja chai akakunja uso.

"Mama, umetia chumvi!"

"Nilikuwa nakupima kama bado una ulimi," akajibu, wakacheka, na jambo likapita.

Kwa nini alificha? Mama yake mzazi alikuwa amepofuka uzeeni. Bi Chapa alikumbuka jinsi walivyompokonya kwanza kisu, halafu funguo, halafu jiko, mwishowe wakamkalisha kwenye kiti pembeni, wakawa wanazungumza juu ya kichwa chake kana kwamba ni kabati. Aliamini kwamba upofu ule ulikuwa urithi wa ukoo usio na dawa. "Wakijua tu," alijiambia, "kiti cha pembeni kinaningoja." Basi akajikaza kisabuni.

Jumatano moja mkutubi alikuja na wazo jipya.

"Leo hakuna kusoma kazi yako mwenyewe," alisema. "Mpe wa kulia kwako, naye akusomee. Maneno yako ukiyasikia kinywani mwa mwenzio, utayajua upya."

Madaftari yakazunguka, ila lake Bi Chapa alilificha mkobani akasema amelisahau nyumbani. Bi Chapa alisikia kitu chepesi kikiwekwa mbele yake, kisha harufu ya poda.

"Mama," kinyozi alinong'ona, "hii ni mara yangu ya kwanza. Nimefurahi imeangukia kwako. Nimesikia hakuna mwandiko unaokushinda."

Bi Chapa alifungua daftari. Mbele yake palikuwa na weupe mtupu, kama maziwa yaliyomwagika. Alilisogeza karibu, akalisogeza mbali. Chumba kikanyamaza kumngoja. Alisikia saa ya ukutani ikigonga. Angeweza kusema neno moja tu. Lakini badala ya neno lile ulimi, ambao hauna mfupa, ukateleza.

"Samahani," alisema kwa ukali ambao hata yeye ulimshtua. "Mwandiko huu hausomeki. Mtu akitaka kusomwa, kwanza na ajifunze kuandika."

Mwalimu wa hesabu aliangua kicheko kifupi. Muuza maua akamfuata, kisha wote wawili wakanyamaza ghafla. Kinyozi alinyoosha mkono akalichukua daftari lake taratibu.

"Ni kweli, mama," alisema. "Mimi nimezoea mkasi."

Jumatano iliyofuata kiti cha karibu na mlango kilikuwa kitupu. Iliyofuata, kitupu tena. Hakuna aliyemlaumu Bi Chapa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Zamu yake ilipofika alifungua daftari, akafungua na kinywa, visa vikagoma kutoka. Akasema ana mafua. Nyumbani alipika wali ukaungua, na hakuwa na hamu ya kuukwangua. Wiki ya tatu, Jumatatu asubuhi, alipiga moyo konde, akashuka ngazi, nane, kituo, tano, akafuata ukuta kuelekea alikosikia mlio wa mkasi.

"Karibu, mama," kinyozi alisema. Sauti yake ilikuwa na adabu yote, ila joto halikuwamo. "Kaa hapo kwenye benchi, namalizia kichwa hiki."

Bi Chapa aliketi. Alisikia wembe ukikwaruza shingo ya mteja, kisha karatasi ikichanwa, wembe ukifutwa. Kukwaruza, kuchana, kufuta. Mteja akaaga akaenda zake.

"Unachana nini, mwanangu?"

"Karatasi tu, za kufutia povu."

"Karatasi gani?"

Kinyozi alikung'uta shuka la mteja. "Daftari la zamani, mama. Si kitu."

 Bi Chapa alielewa. Aliinuka, akashika ukingo wa meza ya vioo, chupa moja ikaanguka ikabiringika sakafuni.

"Mwanangu, nisikilize. Mwandiko wako sijui kama ni mzuri au mbaya. Sijawahi kuuona. Sioni." Lilikuwa neno ambalo hakuwahi kulitamka kwa sauti, hata akiwa peke yake. "Ni mwaka wa pili sasa. Yale yote niliyokuwa nasoma pale maktaba, nilikuwa nakariri. Siku ile nilishikwa na woga, nikakutupia wewe aibu iliyokuwa yangu."

Kinyozi hakuokota chupa. Alijiangusha kwenye kiti cha wateja mpaka kikalia.

"Wiki tatu," alisema hatimaye, "wiki tatu nalala najiita mjinga. Ungeniambia neno moja tu, mama. Ningekusomea mwenyewe!"

"Najua."

"Ungeninong'oneza!"

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja."

 Kisha Bi Chapa alisikia karatasi zikikusanywa, moja moja, zikinyooshwa juu ya paja.

"Zilikuwa kurasa kumi na moja," kinyozi alisema. "Zimebaki nne. Mwanzo wote umekwenda na ndevu za watu."

Aliposema hivyo wote wawili walicheka, kicheko kilichokuwa na machozi ndani yake.

"Kichwani yamo?" Bi Chapa aliuliza.

"Kichwani yamo. Akili ni nywele, mama, na zangu sijazinyoa."

"Basi kesho funga duka asubuhi, tukutane maktaba. Macho yangu yamekufa, lakini vidole havijapata habari."

Kesho yake mkutubi alimsikiliza Bi Chapa akieleza, mara hii bila kigugumizi, maana neno likishatoka mara ya kwanza, mara ya pili huwa jepesi. Hakumhurumia kwa maneno. Alimshika mkono akamketisha mbele ya kompyuta. Vidole vya Bi Chapa vilipapasa vitufe mpaka vikakuta vile vinundu viwili vidogo vinavyowaonyesha wapiga chapa mahali pa kuanzia. Vilipovigusa, mgongo wake ulinyooka.

"Sema," alimwambia kinyozi.

Kinyozi akasema. Alieleza habari za baba yake, mwashi, aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa wao, na ambaye kwa miaka kumi na mitano alikataa kukanyaga duka la mwanawe kwa sababu aliona kushika vichwa vya watu si kazi ya mwanamume. Alieleza jinsi mzee alivyolazwa hospitalini, akanyong'onyea, na siku moja akasema, "Ninyoe. Nisiende nikionekana kama kichaka." Alieleza jinsi mikono yake mwenyewe, ambayo ilikuwa imenyoa maelfu, ilivyoshika wembe kama ya mwanafunzi; jinsi alivyolainisha zile ndevu kwa kitambaa cha moto; jinsi mashavu ya baba yake yalivyokuwa na mikunjo ambayo hakuwahi kuijua, kwa sababu hakuwahi kuugusa uso ule.

"Nilipomaliza," kinyozi alisema, "alipitisha kiganja kidevuni. Akasema, 'Mkono wako mwepesi.' Basi. Hakusema kingine. Alfajiri yake akafariki."

Mvua juu ya bati ikakatika. Bi Chapa alikuwa ameacha kupiga.

"Vipi, mama, nimekwenda mbio?"

"Hapana. Nipishe nifute pua."

Walifanya kazi asubuhi ile na asubuhi ya pili. Mkutubi alipitia makosa, akachapisha kwa herufi kubwa. Na Jumatano alasiri, kabla ya kitu kingine chochote, Bi Chapa alisimama mbele ya ile meza.

"Mwenzetu huyu nilimvunjia heshima mbele yenu," alisema, "kwa hiyo namwomba radhi mbele yenu. Mwandiko wake haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa machoni mwangu, na zaidi ilikuwa ndani yangu, kwa kuificha. Mimi sioni."

Hakuna aliyejua pa kuweka mikono. Kisha kinyozi akasimama, akasoma kazi yake mwenyewe kwa sauti iliyoanza kama ya mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe, na kadiri alivyosonga ikapata miguu. Alipofika pale pa mkono mwepesi, mwalimu wa hesabu alitoa leso akajifanya anafuta miwani. Muuza maua alilia waziwazi, tena akalalamika kwamba mazishi ya mwenzake yalikuwa yamemshinda ya kwake yote.

"Nilicheka siku ile," mwalimu alimwambia kinyozi walipokuwa wakitoka. "Nisamehe, bwana."

"Yamekwisha, mwalimu. Njoo Jumamosi nikupunguze hizo za masikioni."

Ila kinyozi hakumwacha Bi Chapa aende zake. Alimshika kiwiko kwenye ngazi za maktaba.

"Mama, mwanao anajua?"

"Asijue kwanza. Akijua, atanikalisha pembeni."

"Utaficha mpaka lini?"

"Mambo yangu nimeyaweza mwenyewe muda wote huu."

"Kinyozi hajinyoi, mama," alisema yule mtu taratibu. "Hiki kichwa changu mwenyewe nakipeleka kwa mwenzangu wa mtaa wa pili. Na ananikata vibaya, lakini naenda."

Jumapili binti alipofika, Bi Chapa alikuwa ameketi mezani, mikono juu ya meza kama mshtakiwa. Alimwambia yote, kuanzia ukungu hadi chumvi. Binti aliinuka, hatua zake zikafika mlangoni hata mama akadhani anatoka.

"Mwaka na nusu?" hatimaye alisema. "Nilikuwa naketi hapa mbele yako, na hunioni?"

"Nilikuwa nakusikia."

"Mama! Watoto walikuletea picha walizochora. Ukasema 'nzuri' ukaziweka chini kama bili ya maji. Njia nzima mdogo alikuwa ananiuliza, bibi amekasirika? Nami nikadhani umetuchoka. Nikadhani nakusumbua na habari zangu za kuhama."

Hilo Bi Chapa hakuwa amelifikiria. Alijiona amejificha nyuma ya ukuta, kumbe ukuta ule ulikuwa umewaangukia wengine. Alinyoosha mikono mbele yake, akapapasa hewa, na binti akajitupa kifuani pake kama alivyokuwa akifanya udogoni, ila sasa na unga mikononi na harufu ya mkate.

Siku tatu baadaye walikuwa mbele ya daktari wa macho, mama wa makamo mwenye maneno machache. Alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akarudia la kushoto.

"La kulia lina mtoto wa jicho," alisema. "Hilo nitalitoa, utaona. La kushoto nalo linalo, lakini humo mna na presha ya jicho, na presha imekwisha kuua mshipa wa kuonea. Hata nikilisafisha, halitaona. Ungekuja mwaka jana, mama, tungeliokoa."

"Mama yangu alipofuka hivihivi," Bi Chapa alisema. "Nilidhani ni urithi, hauna dawa."

"Alionwa na daktari?"

"Hapana."

Daktari aliweka kurunzi yake mezani. "Basi huenda naye alikuwa na mtoto wa jicho tu."

 Bi Chapa aliubana mkono wa binti yake, na wakati ule hakujililia yeye. Alimlilia mwanamke aliyekaa miaka tisa kwenye kiti cha pembeni, naye pia akiwa hakusema, na watu wakiwa hawakuuliza.

Alipasuliwa wiki iliyofuata. Asubuhi bandeji ilipofunguliwa, kwanza uliingia mwanga, mkali kama mlango uliosukumwa kwa teke. Kisha rangi. Kisha, taratibu, uso wa mwanamke aliyemwinamia huku akiuma mdomo. Bi Chapa aliukazia macho, akainua mkono akamgusa panja.

"Mwanangu! Umeota mvi!"

"Tangu mwaka jana, mama," binti alisema, akicheka na kulia kwa pamoja. "Nilidhani umeziona, ukaninyamazia."

"Na umekonda."

"Hilo nalo umeliona?"

"Nimeliona. Usogee, nikutazame vizuri."

Hakuhamia kwa binti yake, wala binti hakumshurutisha tena. Walikubaliana kwamba angekuwa akimpigia simu kila asubuhi, na kwamba akisema "mzima" basi awe mzima kweli. Jumatano alirudi maktaba na miwani mipya. Aliuona uso wa kinyozi kwa mara ya kwanza, akamwambia kwamba alikuwa amemdhania mnene. Na alipogeuza kichwa upande wa kushoto, kulikuwa giza, na giza hilo alibaki nalo mpaka mwisho wa maisha yake. Jicho moja lilirudi kwa sababu alisema. La pili halikurudi kwa sababu alichelewa kusema. Kweli, mficha uchi hazai.